Choo cha Milango Mitatu

Bwana afya aliingia choo kimoja mara tatu asubuhi moja, na kila alipotoka aliandika kwamba ameona choo kingine.

Aliyempangia mchezo huo ni mimi.

Nimekaa na jambo hili miaka thelathini na ushee. Wanangu wanalijua nusu. Nusu ya pili naiandika leo humu mtandaoni kwa kidole kimoja, kwenye simu iliyopasuka kioo, kwa hiyo mkikuta herufi imeruka mnisamehe. Shule niliishia la saba, na hilo la saba lenyewe nililimalizia dawati la nyuma.

Jina langu Mwanakheri. Ila Mikumi walinijua zaidi kwa jina la mwanangu wa kwanza, Mama Joha.

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya tisini, enzi za ruksa. Unataka kuuza mitumba, ruksa. Unataka kununua basi bovu ulipake rangi liende Mbeya, ruksa. Mabasi ya watu binafsi yakawa yanapishana barabara kuu mchana kutwa, la Iringa hili, la Songea lile, na yote yakifika Mikumi abiria wana njaa na wamebanwa.

Njaa yao ilikuwa riziki yetu.

Kubanwa kwao ndiko kulikokuja kutuumbua.

Tulikuwa na hoteli tatu zilizogusana mbavu. Nikisema hoteli usifikirie vitanda na shuka. Ni mabanzi, bati kuukuu, mabenchi manne na jiko la kuni kwa nyuma. Ya kwangu ilikuwa katikati, wali maharage na chapati. Kulia kwangu Agatha, bingwa wa supu. Kushoto Lukasi, mchoma nyama, mwanamume aliyependa kucheka kuliko kuosha vyombo.

Bwana afya wetu aliitwa Wenceslaus. Alikuwa anakuja kwa pikipiki akitokea Kilosa, anafika nyusi zimegeuka nyekundu kwa vumbi. Mtu wa adabu yule. Alikuwa akiingia jikoni anavua kofia kama yuko kanisani.

Kisha anafungua daftari lake kubwa na kusoma masharti.

"Mama Joha, mpishi afunike nywele. Awe na cheti cha kupimwa. Maji ya kunywa yachemshwe. Taka ziwe na shimo. Na kila hoteli iwe na choo chake. Chake, Mama Joha, si cha jirani."

"Nimekusikia, Bwana Afya. Ukirudi mwezi ujao utakikuta kizuri mpaka utake kuhamia."

Akacheka. Wote walikuwa wanacheka na mimi. Hilo ndilo lilikuwa tatizo langu.

Nilijaribu kuchimba, nisijidhulumu. Nilimweka mtu akachimba sehemu mbili uani kwangu, na zote mbili alifika kiunoni akagonga mwamba. Lukasi naye hivyo hivyo. Mwenye choo alikuwa Agatha peke yake, na chenyewe kilikuwa kule nyuma kabisa, pembeni, mahali nyua zetu tatu zilipokutana. Nyuma yake ni vichaka tu na njia ya ng'ombe.

Jioni moja nikawaita wenzangu.

"Hiki choo kina pande nne," nikawaambia. "Tunatumia moja. Tatu zinakaa bure."

Agatha akanitazama. "Mama Joha, una maana gani?"

"Nina maana tukate milango."

Lukasi alielewa kabla sijamaliza. Alicheka mpaka akakaa chini.

"Dada, wewe ungezaliwa mwanamume ungekuwa mbunge."

Basi tukakata. Agatha akabaki na mlango wake wa bati. Lukasi akaweka mlango wa mbao za masanduku kwa upande wake. Mimi nikatoboa matete upande wangu nikatundika pazia la kanga ya buluu. Tukazungusha ua wa matete, kila mtu na kinjia chake chenye kona, ili anayesimama uani kwangu asione kwa Agatha, na wa kwa Agatha asione kwa Lukasi.

Siku ya ukaguzi tulikuwa tunakibadilisha choo nguo.

Bwana Wenceslaus akianzia kwa Agatha, anakuta kimefagiwa na majani ya mwarobaini yamechomekwa. Akiwa anaandika, mimi namletea chai na kitumbua, nampigia hadithi. Huku nyuma Lukasi anatoa majani, anamwaga majivu, anaweka kifuniko kingine. Bwana afya anakuja kwangu, anakuta choo cha majivu. Namrudisha mezani, chai ya pili. Akifika kwa Lukasi kuna matofali mawili ya kukanyagia na ndoo nyekundu.

Hakuwa mjinga. Alikuwa na haya. Alikuwa anasimama mlangoni, anachungulia mara moja, leso puani, basi. Nani anamtilia shaka mama mwenye hijabu yake anayekuonyesha choo chake?

"Mama Joha," aliniambia siku hiyo ya kwanza, "watatu nyie nitawatolea mfano."

"Tusifie tu, Bwana Afya. Sisi tunastahimili."

Lukasi alikuwa nyuma ya ua ameziba mdomo kwa mikono miwili.

Tukaenda hivyo mwaka na zaidi.

Sasa nikuletee Namunyak.

Namunyak alikuwa binti wa Kimasai, mke wa Saibulu, boma lao lilikuwa nje ya mji. Kila asubuhi alileta maziwa, kwangu na kwa Agatha. Alikuwa anatokea kule nyuma kwenye njia ya ng'ombe, hakupita barabarani. Kwa hiyo katika Mikumi nzima ni yeye tu aliyekuwa anakiona kile choo kwa upande wa nne. Aliiona milango yote mitatu. Hakuwahi kuuliza.

Wengi walikuwa wanawapa Wamasai chai nje, kwenye kikombe cha peke yake. Mimi nilimkaribisha kwenye benchi, akanywa kikombe kama cha watu wote. Msinipambe sana kwa hilo. Maziwa yake yalikuwa mazito, nilikuwa sitaki aache kuniletea.

"Shikamoo Mama Joha."

"Marahaba, Namunyak. Ng'ombe hawajambo?"

"Hawajambo. Wewe tu ndiyo unakonda."

Alikuwa na utani wa taratibu. Tuliivana.

Kitu kimoja nilikuwa namchokoza. Alikuwa akishikwa na haja anarudi vichakani. Nikawa namcheka. Namwambia, wewe mtoto mzuri, shanga zote hizo, halafu unachuchumaa na nyani. Nikamwonyesha pazia langu la buluu. Nikamwambia mjini ni aibu kwenda porini.

Akajifunza. Alijifunza kwa sababu niliyesema ni mimi.

Mvua za masika mwaka ule zilikuja na kipindupindu.

Kilianzia huko kwingine, tukawa tunakisikia redioni kama mambo ya watu. Kikashuka kwetu. Wakasimamisha mahema nyuma ya zahanati, wakazungushia kamba, mlangoni mkawekwa beseni la dawa ya kukanyaga. Ukipita unasikia harufu ya klorini mpaka kwenye chapati.

Bwana Wenceslaus akahamia Mikumi kabisa. Amri ikatoka: hoteli isiyo na choo chake ifungwe leo hii.

Zikafungwa saba.

Tatu zikabaki wazi, kwa sababu daftari lilisema zina vyoo. Nadhani mnazijua.

Siwadanganyi, nilifurahi. Mabasi yote yakawa yetu. Nilikuwa napika sufuria tatu za wali kabla ya adhuhuri, na abiria wakimaliza kula wanauliza choo kiko wapi, nawaonyesha kwa mwiko.

Siku ya nne Agatha akaanguka.

Alikuwa anakatakata vitunguu, akaniita kwa sauti ndogo. Mpaka nafika alikuwa hawezi kusimama. Macho yameingia ndani. Tulimbeba kwa kitanda mimi na Lukasi hadi kwenye mahema, na mkono wangu ulionuka siku hiyo nilihisi unanuka mwezi mzima.

Bwana Wenceslaus akamuinamia. "Mama Agatha, unatumia choo gani?"

"Changu," Agatha akasema.

Akafunga macho. Nilikuwa nimesimama pale pale. Nilikuwa na mdomo, mdomo huu huu.

Mchana ule bwana afya akaja na nyundo. Akamwaga chokaa, akagongomea ule mlango wa bati kwa mbao mbili, akachora alama ya X kwa rangi nyekundu. Akaifunga hoteli ya Agatha. Halafu akapita kwangu kunawa mikono.

"Mama Joha, ashukuriwe Mungu nyie wawili mna vyenu. Wateja wako wasiende kwa Agatha kabisa."

"Hawaendi, Bwana Afya."

"Ukikiuka nitakufunga na wewe."

"Nifunge tu. Nitakupikia humo humo ndani."

Akatabasamu, masikini. Alikuwa hajalala siku tatu.

Alipoondoka Lukasi akanifuata jikoni. Siku hiyo hakucheka.

"Dada, sasa tunafanyaje?"

Hapo ndipo ningeweza kuwa mtu. Ningesema tufunge. Tuseme tunauguliwa, tuseme tunakwenda msibani, uongo wowote ule ungekuwa na heri. Lakini nje basi la Iringa lilikuwa linapiga honi, na wali ulikuwa umeiva.

"Amefunga mlango wa Agatha," nikasema. "Wa kwangu hajaufunga."

Nikamwambia amwage majivu mengi.

Kesho yake asubuhi Namunyak akaja na maziwa. Kama kawaida alitokea nyuma. Nilikuwa naosha mchele, nikamwona amesimama kule mbele ya choo anaitazama ile alama nyekundu.

"Mama Joha. Hapa wameweka alama."

"Ndiyo."

"Nisiingie?"

"Alama ni ya mlango wa Agatha. Wewe pita kwangu."

Nimeandika sentensi hiyo, nimeweka simu chini, nimekwenda nje kukaa kidogo. Nimerudi.

Alipita kwangu. Alipotoka alinawa kwenye ile ndoo iliyonawiwa na watu mia.

Siku ya tatu hakuja. Ya nne Saibulu, mumewe, akampitisha barabarani akiwa amembeba mgongoni kama mtoto, anakimbia. Sikuwahi kumwona Mmasai mtu mzima akikimbia na mzigo namna ile. Watu walikuwa wanampisha, si kwa heshima.

Sikwenda kumwona. Nilijiambia kuna kamba, hawaruhusu watu. Kumbe mama zake wadogo walikuwa wanasimama kwenye hiyo hiyo kamba kutwa nzima.

Sasa Bwana Wenceslaus akaanza kupiga hesabu zake. Agatha ameumwa. Namunyak ameumwa. Kinachowaunganisha hawa wawili ni nini? Agatha alikuwa ananunua maziwa kwa Namunyak.

Akamuuliza Namunyak pale kitandani, dripu iko mkononi, anakwenda haja wapi.

Namunyak akajibu: "Porini."

Basi. Kesi ikaisha hapo.

Wakaita mkutano wa hadhara uwanja wa soko. Bwana Wenceslaus akapanda juu ya kreti, sauti imemkauka. Akasema ugonjwa umeletwa na maziwa. Akasema wenzetu wafugaji hawana vyoo, wanakwenda porini, wanarudi wanakamua kwa mikono hiyo hiyo. Kuanzia leo ni marufuku maziwa yao kuingia mjini.

Ilivyokuwa asubuhi ya soko, akina mama wengi wa Kimasai walikuwa tayari wamefika na vibuyu na galoni. Wakaambiwa wamwage. Wakamwaga pale pale. Yalikuwa yanatiririka kuelekea mtaroni, na mbwa wanakuja.

Bwana afya akauliza, "Kuna mwenye neno?"

Watu wakageuka kunitazama mimi. Ndivyo walivyozoea. Mkutano wa Mikumi bila Mama Joha kutia chumvi ulikuwa haujaisha.

Nilisimama. Niliwaza, sema sasa. Nilifungua mdomo na kilichotoka ni hiki:

"Mimi nilikuwa najiuliza mbona maziwa yao yana ukakasi. Kumbe yanatoka safari ya porini kama wenyewe."

Wakacheka. Walicheka sana, maana walikuwa na hofu, na mwenye hofu hucheka kwa njaa. Hata Bwana Wenceslaus aliinamisha uso kuficha meno.

Mwisho wa umati, karibu na mzani wa pamba, Saibulu alikuwa amesimama ameegemea fimbo yake. Hakucheka wala hakukasirika. Alinitazama muda mrefu kama anayejaribu kukumbuka aliniona wapi.

Nimewahi kutukanwa matusi ya kila aina. Hakuna lililonifikia pale alipofika yule mwanamume kwa macho.

Nikarudi hotelini nikapika.

Agatha alitoka mahemani siku chache baadaye, mwepesi kama unyoya. Akaja kukaa jikoni kwangu. Akatazama abiria wanavyopishana kwenye kinjia.

"Mwanakheri." Aliniita jina langu, na akiniita jina ujue pana jambo. "Mimi wamenizibia choo. Wewe wateja wako wanakwenda wapi?"

"Kwangu."

"Kwako wapi?"

Nikageuza chapati.

"Kwako wapi, Mwanakheri?"

"Agatha, tukisema tunafungwa wote watatu. Na wewe unaumbuka, ulisema ni chako."

"Ni changu kweli."

"Basi."

Akaegemea mabanzi. Alikuwa hana nguvu za kugombana, nami nikaitumia hiyo. Mnaona lakini? Hata udhaifu wa mtu niliupatia kazi.

Siku tisa baada ya mkutano, Namunyak akaja.

Hakutokea nyuma. Alipita mbele, barabarani, mchana, shanga zimemlegea shingoni. Alikuja kuchukua galoni zake mbili zilizobaki kwangu.

"Shikamoo Mama Joha."

"Marahaba."

Nilimvutia benchi. Akakataa kukaa, akasema bado kiuno kinauma. Nikamletea chai ya rangi. Akaipokea, akashika tu kikombe.

"Namunyak," nikasema, "ule utani wa siku ya mkutano..."

"Nimeambiwa."

"Mdomo wangu unanitangulia."

Akawa anazungusha kikombe mkononi.

"Bwana afya aliponiuliza naenda wapi," akasema, "nikafikiri. Nikisema kwa Mama Joha, atakuja na nyundo. Utakula nini? Joha atakula nini? Wewe ulinipa benchi. Nikasema porini."

Sikuelewa mara moja. Nilidhani nimesikia vibaya.

"Wewe... ulidanganya?"

"Ulinifundisha kwamba porini ni aibu. Nikaona aibu hiyo moja naiweza, nitaibeba." Akatua kikombe bila kunywa. "Sikujua watambebesha kila mtu. Mama mkwe wangu amemwaga maziwa yake. Dada zangu wamemwaga. Saibulu anasema nieleze. Nimemwambia, aliyenipa benchi ataeleza mwenyewe."

Akachukua galoni zake. Akaniaga vizuri, kwa adabu zote, kama mtoto anavyomuaga mkubwa.

Mimi nilikuwa nimekaa kwenye benchi lile ninalosifiwa nalo.

Ujanja wote niliojivunia maisha yangu yote, yule binti wa miaka ishirini na kitu alikuwa ameuona wote, kwa upande wa nyuma, na bado alichagua kunifichia. Na mimi nilimlipa kicheko sokoni.

Siku ya soko iliyofuata wakaita tena mkutano. Bwana Wenceslaus akaeleza wagonjwa wamebaki wangapi. Akauliza tena kama kuna mwenye neno. Wakageuka tena kunitazama.

Nikasimama.

"Maziwa hayana kosa," nikasema. "Namunyak haendi porini. Anakwenda kwangu, nilimpeleka mimi. Na kwangu hakuna choo. Kilichopo ni cha Agatha, kile kile kilichogongomewa, nimekitoboa ubavuni nikaweka pazia."

Unajua walifanya nini?

Walicheka.

Walicheka kuliko siku ile. Mzee mmoja alijipiga mapaja. Mama mmoja akasema, "Huyu Mama Joha atatuua."

"Sitanii," nikasema.

Wakazidi.

Nikaanza kulia, na hata hapo wapo waliosema naigiza. Ndiyo malipo ya mtu aliyecheza na kila kitu. Siku unayotaka kuaminiwa, sura yako yenyewe inakukana.

Bwana Wenceslaus peke yake hakucheka. Aliteremka kwenye kreti.

"Nionyeshe," akasema.

Tukaenda, na umati ukafuata nyuma, bado wanatarajia kichekesho. Nikampitisha kinjia changu. Nikafunua pazia. Safari hii hakusimama mlangoni, hakutoa leso. Aliingia. Tukasikia anasukuma kitu, mbao zikagota.

Akatokea uani kwa Lukasi, akatuita kutoka huko.

Hapo vicheko viliisha.

Alizunguka akaja mbele yangu. Alifungua daftari, akarudi nyuma kurasa nyingi, akawa anapitisha kidole. Kipo. Kipo. Kipo. Mwandiko wake mzuri, kila mwezi.

"Mama Joha," akasema taratibu, "mimi niliwafungia watu saba waliosema kweli kwamba hawana."

Nililitazama pazia langu la buluu.

"Tangu siku nilipogongomea ule mlango, mabasi mangapi yamesimama kwako?"

Nikahesabu kwa vidole, nikakosa vidole. "Labda matano kwa siku."

"Abiria wangapi wameshuka?"

"Sijui, Bwana Afya."

"Wamekwenda wapi?"

"Wengine Mbeya. Wengine Iringa, Dar, Songea."

"Majina yao tutayapata wapi?"

Aliuliza kama anayeuliza kweli, kama vile labda ninayo mahali. Kisha akafunga kalamu.

Tulifungwa wote watatu siku ile ile, na ni haki. Lukasi aliondoka Mikumi, sikumsikia tena. Choo kile kilifukiwa. Bwana Wenceslaus akasimama mbele ya wafugaji, akavua kofia, akamwomba radhi Saibulu na wenzake mbele ya watu wote. Kosa ni langu, radhi akaomba yeye. Baadaye alihamishwa. Wengine walisema ni kawaida ya serikali. Mimi najua daftari lile lilisomwa na wakubwa zake.

Namunyak alirudi kuuza maziwa, ila kwa Agatha, Agatha alipofungua tena kwenye kiwanja kingine. Akikutana na mimi njiani alikuwa ananipa shikamoo yangu, kila siku, bila kuruka. Nilikuwa naiitikia nikitazama miguu yangu. Hakuwahi kuninyima heshima, na nilitamani aninyime hata mara moja.

Mimi sikupika tena kwa kuuza. Nililima, nililea, nikazeeka, na utani nikaurudia kidogo kidogo, maana ndivyo nilivyoumbwa. Lakini nikiwa katikati ya kuchekesha watu huwa nauliza moyoni, kicheko hiki kinamwangukia nani?

Funzo langu, kwa nyie mnaofungua migahawa siku hizi, mnaomkimbia bwana afya na kumpa soda asahau kuchungulia nyuma. Yule na daftari lake humdanganyi yeye. Yeye anaandika anaenda zake. Unayemdanganya ni mtu usiyemjua, aliyeshuka na mtoto mkononi, akakuamini kwa sababu mlangoni umetundika cheti. Sharti likikushinda, funga, ukalime. Kulima hakuna fedheha.

Na sasa niseme lililonifanya niandike.

Kama masika ya mwaka ule ulikuwa ndani ya basi, likasimama Mikumi, ukala wali maharage kwa mama mmoja mchangamfu, ukauliza choo kiko wapi akakuonyesha kwa mwiko. Halafu ulifika kwako ukaumwa. Au hukuumwa wewe, aliumwa mama yako, au mtoto uliyekuwa naye, na hamkujua mmeupata wapi.

Mmeupata kwangu.

Niandikie hapo chini jina lake tu. Mengine si lazima.